Video Fupi ya Kazi ya Mikono: Namna ya Kumfanya Mtazamaji Aelewe, Asiishie Kushangaa

Video za kazi za mikono zimejaa mitandaoni. Udongo unazunguka, vidole vinapanda, na sekunde 20 baadaye mtungi umesimama. Mtazamaji anapenda, anapita. Ukimuuliza kesho yake kwa nini mfinyanzi aliuacha mtungi ukauke kidogo kabla ya kuupachika mkono, hana jibu. Aliona umbo likitokea, lakini uamuzi wa fundi haukuonyeshwa hata mmoja.

Hapa tunazungumzia video ya namna nyingine: ya sekunde 45 hadi 90, iliyopigwa kwa simu ya kawaida, inayomwachia mtazamaji jambo moja ambalo anaweza kumweleza mwenzake bila kuirudia. Kanuni inayobeba mengine yote ni kwamba kila video ionyeshe uamuzi mmoja wa fundi, pamoja na sababu yake. Ukitaka kuonyesha kapu zima tangu jani hadi mshikio ndani ya dakika moja, utapata mfululizo wa picha nzuri zisizofundisha chochote. Kapu lilelile likigawanywa katika video sita au nane, kila moja na swali lake, linaeleweka.

Utafute uamuzi kabla ya kuitoa simu

Mara ya kwanza nenda kwa fundi bila kurekodi. Kaa saa moja au mbili, utazame kazi kuanzia malighafi. Andika kila mahali anaposita: anapobonyeza, anaponusa, anapogonga na kusikiliza, anapochagua kipande kisha akakirudisha. Ujuzi umejificha hapo. Fundi mzoefu hataji mambo hayo, kwa kuwa mikono yake iliyazoea zamani. Ukimuuliza "unafanyaje?" atakutajia hatua, nawe utaondoka na orodha ambayo mtu yeyote angeweza kuiandika.

Yapo maswali manne yanayofungua zaidi: "Unajuaje kwamba imetosha?" "Ukiacha mapema inakuwaje?" "Anayejifunza hukosea wapi kwanza?" na "Naomba unionyeshe iliyoharibika." Hilo la nne usiliache. Kitu kilichoharibika, kikiwekwa kando ya kizuri, hueleza sababu kuliko maneno mia, na karibu kila karakana ina rundo lake pembeni.

Uamuzi unaofaa kwa video huonekana namna hii.

Mfinyanzi anainua chungu kibichi na kukigusisha shavuni. Anapima unyevu. Chungu ambacho bado kinatoa maji huwa cha ubaridi kwenye ngozi, hata kama kwa macho kinaonekana kikavu kabisa. Kikiingia motoni katika hali hiyo na joto likapanda haraka kupita nyuzi 100 za Selsiasi, maji yaliyo ndani ya ukuta wake hugeuka mvuke kwa ghafla, yakakosa pa kutokea, na chungu kikapasuka. Watu wengi hudai kwamba ni hewa iliyonaswa kwenye udongo. Video inayoonyesha shavu, kisha vigae, inarekebisha dhana hiyo kwa dakika moja.

Mfumaji anapopitisha mshindio, yaani uzi unaokatiza upana wa kitambaa, haunyooshi. Anaulaza kwa mshazari au kwa upinde, ndipo anaugonga. Sababu ni kwamba mshindio hupita juu na chini ya nyuzi za mtande, yaani zile zilizotandwa kwa urefu, hivyo unahitaji urefu kupita upana wa kitambaa. Ukivutwa ukanyooka, kingo huingia ndani na kitambaa hupungua upana kila safu. Mtazamaji akiona kitambaa chenye kiuno kama cha nyigu kando ya kilichonyooka, ameelewa.

Msukaji wa vikapu hulowesha chane zake, kisha huzikunja kuzunguka kidole. Zikiwa kavu hupasuka kwenye mkunjo. Zikilowa kupita kiasi huvimba, na zikija kukauka ndani ya kapu hunywea na kuacha mianya. Mchongaji naye hugeuza kipande cha mti kila baada ya mapigo machache, kwa sababu patasi inayokwenda kinyume na nyuzi za mti huzama na kung'oa bonge badala ya kumenya.

Kila moja ya hizo ni video inayojitegemea.

Mgawanyo wa sekunde 60

Tuuchukue mfano wa chungu na shavu. Huu ni mpangilio unaoweza kuuhamishia kwenye kazi nyingine:

Sekunde 0–3: chungu kizima na kilichopasuka, bega kwa bega, karibu. Maandishi: "Kwa nini hiki kilipasuka?"
Sekunde 3–12: fundi anakigusisha chungu kibichi shavuni. Shoti moja isiyokatwa. Asiseme kitu bado.
Sekunde 12–30: fundi mwenyewe anaeleza anachokisikia kwenye ngozi. Sauti yake iendelee huku picha ikionyesha mkono juu ya ukuta wa chungu.
Sekunde 30–45: sababu. Kigae kilichovunjika kikiwa karibu na lenzi, maneno mawili matatu kuhusu maji na mvuke.
Sekunde 45–55: anakipima cha pili, anakirudisha kwenye kivuli. Huu ndio uamuzi wenyewe.
Sekunde 55–60: chungu kilichochomwa, kinagongwa kwa kidole, kinalia. Jina la fundi kwenye kioo.

Usianze kwa salamu, nembo wala "karibuni kwenye ukurasa wetu". Swali lionekane kwa macho kabla halijasikika kwa masikio. Kwa maelezo ya sauti, maneno 100 hadi 120 yanatosha dakika nzima. Yakizidi 140 msemaji ataanza kukimbia, na picha haitapata nafasi ya kuonekana.

Kuipiga picha mikono

Kosa kubwa katika kuipiga picha mikono hufanyika kwa nia njema: kamera inawekwa mbele ya fundi, ikimtazama usoni. Mtazamaji anaona mkono wa kulia wa fundi upande wake wa kushoto, na kila kitu kinakwenda kinyume. Kwa mahojiano ni sawa. Kwa kuonyesha tendo la mikono, weka simu nyuma ya bega la fundi, juu kidogo ya sikio, ikitazama chini kwa pembe ya takriban nyuzi 45. Mtazamaji ataiona mikono kana kwamba ni yake. Tumia bega lililo mkabala na mkono unaofanya kazi, la sivyo kiwiko kitaziba kila pigo.

Kamera ya mbele ya simu ni hatari nyingine, kwa sababu simu nyingi zinaweza kuigeuza picha yake kama kioo. Fundi anayesuka kufuata mshale wa saa anaonekana akisuka kinyume, na anayejifunza kwa video hiyo anajifunza kinyume. Tumia kamera ya nyuma tu. Unapohariri, usigeuze shoti kulia kushoto ili "ipendeze". Ukiwa na shaka, weka kitu chenye maandishi ndani ya fremu kwa sekunde moja mwanzoni mwa shoti: yakisomeka sawasawa, picha iko sawa.

Piga wima, kwa uwiano wa 9:16, yaani pikseli 1080 kwa 1920. Tumia lenzi ya kawaida, ile ya 1x. Lenzi pana hupinda kingo, na hakuna fundi anayestahili kuonekana amefuma kitambaa kilichopinda kwa sababu ya simu yako. Simu itulie kwenye stendi. Ukikosa, ifunge kwenye mgongo wa kiti kwa mpira. Futa lenzi kabla ya kila shoti, kwani vumbi la mbao na la udongo halikawii.

Kila tendo lirekodiwe mara tatu: kwa mwendo wa kawaida bila maneno, kisha karibu kabisa vidole vikijaza fremu, kisha fundi akieleza huku akifanya. Acha sekunde tano kabla na tano baada ya tendo. Wakati wa kuhariri utazitafuta.

Usimwombe fundi apunguze kasi ya tendo linalotegemea kasi. Nyundo inayoshushwa polepole haifui chuma, na gurudumu likizungushwa taratibu mno udongo haupandi. Badala yake, piga kwa fremu 120 kwa sekunde, yaani picha 120 kila sekunde, na uionyeshe kwa 30. Utapata mwendo wa polepole mara nne, huku tendo lenyewe likiwa la kweli. Ila fremu nyingi zinahitaji mwanga mwingi, hivyo fanyia nje au karibu na mlango.

Mwanga na rangi

Mwanga wa dirisha unaotoka ubavuni hutosha kwa kazi nyingi. Jua la adhuhuri hukata vivuli vikali na kuficha vidole. Kwa uchongaji na ususi, shusha mwanga uwe karibu sambamba na uso wa kazi: kila alama ya patasi na kila mwinuko wa msuko utajitokeza. Mwanga wa mbele, hasa taa ya simu, huvisawazisha vyote vikaonekana kama karatasi.

Kabla ya kila shoti bonyeza na ushikilie kidole kwenye kioo mpaka simu ifunge ukali wa picha na kiwango cha mwanga. Usipofanya hivyo, kila mkono unapopita mbele ya lenzi picha itafifia na kurudi. Kama chumba kina taa za umeme na programu yako inaruhusu kuchagua shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila fremu, weka 1/50 au 1/100 ya sekunde mahali penye umeme wa hezi 50, na 1/60 au 1/120 penye hezi 60. Mistari inayotambaa kwenye picha itatoweka.

Kazi mbili zinahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu humo rangi ni taarifa.

Ya kwanza ni uhunzi. Mhunzi huusoma moto kwa rangi ya chuma: nyekundu iliyoiva, kisha chungwa, kisha manjano, joto likipanda kutoka takriban nyuzi 750 hadi kupita 1,000 za Selsiasi. Kikikaribia weupe na kuanza kurusha cheche, chuma cha pua kinaungua na hakifai tena. Simu ikiachwa iamue yenyewe, kila chuma cha moto kitaonekana cheupe kama taa, na elimu yote ya mhunzi imepotea. Gusa chuma chenyewe kwenye kioo, kisha shusha mwanga mpaka rangi ilingane na unayoiona kwa macho. Pigia kivulini. Mhunzi mwenyewe hufanyia kazi kivulini kwa sababu hiyohiyo: juani angedhani chuma bado ni cha baridi, akakiunguza.

Ya pili ni utiaji rangi kwa nili. Kitambaa hutoka pipani kikiwa cha manjano-kijani na kugeuka buluu hewani ndani ya dakika chache. Nili haiyeyuki majini mpaka inyang'anywe oksijeni. Ikishaingia kwenye nyuzi na kukutana na hewa, huwa tena buluu isiyoyeyuka, ikiwa imenaswa humo. Hapo lazima ufunge mizani ya weupe, yaani kile kipimo ambacho simu hukitumia kuamua nyeupe ni ipi. Ikibaki ya kujirekebisha, itajaribu "kusahihisha" ukijani na kuyafuta mabadiliko uliyokuja kuyaonyesha. Weka kipande cheupe cha kitambaa pembeni mwa fremu ili jicho lipate pa kulinganisha. Wala usiweke vichujio vya rangi kwenye video yoyote ya rangi za asili. Ukizikoleza, anayenunua atadai fundi amemdanganya.

Sauti

Sauti ya kazi ni sehemu ya ufundi, si kelele za kufunikwa na muziki. Seremala husikia patasi inapofifia makali, na mfinyanzi husikia ufa ambao jicho halijauona. Rekodi sauti ya tendo peke yake kwa dakika moja, simu ikiwa nusu mita kutoka mikononi, watu wote wakiwa kimya. Kwa nyundo na fuawe, rudi nyuma mita mbili au tatu, maana mapigo ya karibu huizidi maikrofoni na kutoa mkwaruzo usiorekebishika.

Maelezo ya fundi yarekodiwe kwa maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo, kama sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu. Usipokuwa nayo, simu ya pili mfukoni mwa shati inafaa. Ukiamua kuweka muziki, uwe chini ya sauti ya msemaji kwa desibeli 18 au 20, na uwe ule ulioruhusiwa kuutumia.

Muda wa kweli

Kuharakisha picha ndiko kunakoharibu uelewa wa watu kuliko jambo lolote lingine katika video hizi. Mkeka uliochukua wiki mbili ukionekana kukamilika kwa sekunde nane, mtazamaji anabaki na hisia kwamba ni kazi ya sekunde nane, na bei anayoona ni ya kula watu. Hatusemi usiharakishe kamwe. Harakisha pale tu ambapo hakuna uamuzi mpya, kama kusugua msasa au kurudia safu ileile, na uandike muda halisi kwenye kioo: "saa 3 za kusugua", "siku 5 za kukauka". Mahali pa uamuzi, mwendo uwe wa kawaida.

Maandishi kwenye kioo

Wengi hutazama bila sauti, kwa hiyo maneno yote yanayosemwa yaandikwe. Yasizidi maneno saba au manane kwa mara moja, na yakae angalau sekunde mbili. Sehemu ya chini ya kioo hufunikwa na maelezo ya mtandao, na upande wa kulia hukaa vitufe. Kwenye fremu ya pikseli 1080 kwa 1920, acha kama pikseli 400 chini na 150 kulia bila neno.

Chombo kitajwe kwa jina analolitumia fundi. Mivuo ni mivuo, tezo ni tezo, hata kama msomaji wa mjini hajawahi kulisikia neno hilo. Jina likitokea pamoja na picha ya kitu chenyewe, halihitaji tafsiri. Epuka "siri ya kale" na "ufundi wa maelfu ya miaka" kama huna uhakika. Fundi hajakuambia hivyo, na sifa za uongo humfanya mtazamaji makini atilie shaka hata yaliyo kweli.

Ridhaa, na yale yasiyopaswa kuonyeshwa

Hili lizungumzwe siku ile ya kwanza isiyo na simu, si baada ya kurekodi. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 wa kulinda urithi wa utamaduni usioshikika unautaja ufundi wa jadi waziwazi, na unadai jamii husika ishirikishwe. Kanuni 12 za maadili zilizopitishwa Windhoek, Namibia, mwaka 2015 zinaongeza kwamba ridhaa iwe ya hiari, itangulie, itolewe na mtu aliyeelewa, na iendelee kuwepo. Kuendelea kuna maana yake: fundi ana haki ya kukuambia baadaye uiondoe video.

Kwa vitendo, kubalianeni kuhusu mambo haya na myaandike kwa lugha anayoisoma, au myarekodi kwa sauti kama hasomi: video itawekwa wapi, jina lake litajwe vipi, muda wake utalipwaje, na mapato yakiwepo yatagawanywaje. Kisha muulize: "Nini kisionekane?" Huenda nakshi fulani ni ya ukoo, au ni ya shughuli isiyotazamwa na kila mtu. Huenda kuna mchanganyiko anaoutegemea kwa riziki. Usibishane naye. Pia zima utambulisho wa mahali kwenye simu unapopiga picha sehemu za kuchimba udongo au kukata majani. Video ikienea, eneo dogo linaweza kumalizwa na watu wasiojua kukata kwa kiasi.

Ijaribu kabla ya kuiachia

Waonyeshe video watu watano wasioijua kazi hiyo, mmoja mmoja, mara moja tu. Usiwaulize kama wameipenda. Waulize: "Fundi alikuwa anaamua nini, na kwa nini?" Wanne wakijibu sawa, iko tayari. Wakitaja uzuri wa chungu na kunyamaza, sababu imefichika. Mara nyingi dawa ni kusogeza kile kilichoharibika mwanzoni, au kufuta sentensi mbili za maelezo zinazoshindana na picha.

Halafu mwonyeshe fundi, na umwache aisimamishe popote anapotaka. Ataona unachoshindwa kuona: umechanganya shoti za vyungu viwili tofauti, au umeweka kupaka rangi kabla ya kusugua. Kosa la mpangilio haligunduliwi na mtazamaji wa kawaida, lakini mafundi wenzake watalicheka, na aibu itamwangukia yeye.

Ikishatoka, soma maswali kuliko kuhesabu waliopenda. "Bei gani?" haikuambii chochote kuhusu uelewa. "Je, ukitumia jani kavu?" inakuambia mtu ameanza kufikiri kama msukaji, na swali hilo ndiyo video yako inayofuata. Angalia pia ni sekunde ipi watu wengi wanaondoka. Wakiondoka kabla ya sekunde ya tano, swali lako halikuonekana. Wakiondoka katikati ya maelezo, umesema kabla ya kuonyesha. Kosa la ukweli likigundulika, liandike juu kabisa kwenye maoni siku hiyohiyo, na kama linaweza kumuumiza anayejaribu, kwa mfano joto au kemikali, iondoe video uitoe upya.

Usifute picha ghafi. Dakika moja ya ubora wa 1080 kwa fremu 30 hula takriban megabaiti 60 hadi 130 kutegemea namna simu inavyoifinyaza, kwa hiyo saa mbili za kurekodi huenea kwenye kadi ya gigabaiti 16. Zipe faili majina yanayosomeka, yenye tarehe, kazi, hatua na fundi. Weka nakala tatu kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae nyumba nyingine. Nakala ya nne apewe fundi, pamoja na zile shoti ndefu ulizozikata, kwa maana mwanafunzi wake atazihitaji hizo kuliko ile ya sekunde 60.